Kitelezi cha spindo: namna kichwa cha ubao kinavyokatwa katika karakana za ukanda wa dhahabu

Spindo ni mashine ya useremala yenye mhimili uliosimama wima, unaochomoza katikati ya meza ya chuma na kubeba visu. Ubao husukumwa mezani ukiegemea fensi, visu vikauchonga ubavuni: mfereji wa kuingiza paneli, nakshi ya ukingo wa mlango, papi ya kuzungushia dari. Katika kazi hiyo ya ubavuni ubao ni mrefu na nyuzi zake zinafuata mwendo wa mkono, kwa hiyo mashine haina ugomvi na mtu. Ugomvi huanza ubao unapogeuzwa ili kichwa chake ndicho kielekee kisu. Hapo kinachogusa fensi ni upana wa ubao tu, pengine sentimita nane au kumi, na katikati ya fensi pana uwazi ambamo kisu kinazunguka. Kichwa kikishaingia katika uwazi huo kidogo tu, kisu hukidaka, ubao ukapigwa upande, na mkono ulioushika ukavutwa kuelekea kwenye kisu.

Vifaa vya kuondoa hatari hiyo ni vya namna mbili. Kuna kitelezi, kibao kinachoubana ubao na kuteleza nao juu ya meza kikipita mbele ya kisu. Na kuna meza telezi, ambayo ni sehemu ya meza yenyewe iliyowekwa juu ya reli na beringi, ikienda na kurudi. Chochote kati ya hivyo hufanya jambo moja la msingi: kisu kinapokata, mkono haushiki ubao, unashika kifaa.

Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, yaani ukanda wa dhahabu wa Tanzania, kazi inayodai kukatwa vichwa kwa wingi ni mlango wa paneli. Nyumba zimeongezeka kwa kasi tangu machimbo makubwa yalipofunguliwa: mgodi wa Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, kisha Buzwagi, nje kidogo ya Kahama, uliofanya kazi kuanzia 2009 hadi ulipofungwa 2021. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Ukiacha hayo, wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu hawajangoja mgodi mkubwa ili wajenge. Msimu ukiwa mzuri kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, tofali na bati hununuliwa kabla fedha haijapoa. Mageti ya chuma na milango ya alumini imechukua sehemu ya soko, lakini mlango wa mbele wa mninga bado ni heshima ya nyumba, na mwenye fedha ya dhahabu huuchagua kwa jicho kali.

Mbao zenyewe hazitoki karibu. Sehemu kubwa ya Shinyanga haina msitu wa kupasulia mbao, na sababu zake ni za kihistoria. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ili kufukuza mbung'o, na idara ya utafiti wa mbung'o iliyoongozwa na Charles Swynnerton ilikuwa na makao yake hapohapo Shinyanga. Baadaye pamba, mifugo na kuni zikamalizia kilichobaki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwategemea Wasukuma wenyewe na desturi yao ya ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yafunguliwe kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa kijani, na mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, ngitili hutoa majani, kuni, nguzo na dawa. Haitoi ubao wa mlango. Mninga na mkongo huja kutoka miombo ya Tabora na Katavi, na pia kutoka Bukombe na Mbogwe upande wa Geita. Msonobari hupakiwa Mafinga, kwenye mashamba ya miti ya Mufindi, ukapita Dodoma, Singida na Nzega kabla ya kushushwa. Tena useremala haununui peke yake. Machimbo madogo yanahitaji matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta za duara zisiporomoke, na mti ulioingia shimoni haurudi sokoni. Ubao uliofika Kahama kwa gharama hizo zote hauvumilii kuharibiwa kichwani na kisu kilichomegua nyuzi.

Mlango wa paneli umebuniwa kwa sababu mbao hazitulii. Kanda hii ina kiangazi kirefu, takriban kuanzia Mei hadi Oktoba, kisha mvua. Ubao hunywea na kutanuka kwa upana, si kwa urefu. Mninga husifika kwa kutochezacheza. Msonobari uliopakiwa ukiwa haujakauka unaweza kupungua milimita kadhaa katika ubao mmoja. Mlango uliotengenezwa kwa kuunganisha mbao pana kwa gundi tu hupasuka au hupinda. Kwa hiyo fundi hutengeneza fremu ya mbao nyembamba, mbili za wima na tatu au nne za mlalo, kisha huziacha paneli zielee ndani ya mifereji bila gundi, zikiwa na nafasi ya milimita tatu hivi kila upande. Paneli hunywea, hutanuka, na fremu haijui.

Nguvu ya mlango, basi, iko pale ubao wa mlalo unapokutana na wa wima. Zamani kiungo hicho kilikuwa tundu na ulimi, kazi ya msumeno wa mkono na patasi, na nakshi ya ukingoni ilikatwa kwa pembe ya nyuzi 45 ili zikutane. Spindo ilileta njia nyingine inayotumia seti ya visu viwili. Kisu cha kwanza huchonga ubavu wa mbao zote, wima na mlalo, kikiacha nakshi pamoja na mfereji. Kisu cha pili hukata vichwa vya mbao za mlalo pekee, kwa umbo lililo kinyume kabisa cha la kwanza: palipobonyea hapa, pale pamevimba, na palipo na mfereji, pale pana ulimi mfupi. Vipande viwili hivyo vikisukumwa pamoja huvaana kama kifuniko na kopo lake, pasionekane ufa.

Hesabu ya urefu ni mahali ambapo wanafunzi wengi hupotea, ijapokuwa ni ya shule ya msingi. Tuseme mlango una upana wa sentimita 80, kila ubao wa wima una sentimita 11, na mfereji una kina cha milimita 12. Ubao wa mlalo utakuwa 80 kutoa 22, yaani 58, kisha huongezwa sentimita 1.2 mara mbili kwa sababu kila kichwa kinaingia ndani ya mwenzake. Jibu ni sentimita 60.4. Anayesahau nyongeza hiyo hugundua kosa wakati wa kubana klempu, mlango ukiwa umepungua sentimita mbili na nusu na bawaba zikiwa tayari zimeshanunuliwa.

Kitelezi rahisi kina sehemu tano, na kila moja ina sababu yake. Ya kwanza ni sakafu, kipande bapa kinacholala juu ya meza. Plaiwudi ya milimita 12 inafaa, lakini ambacho kinapatikana kirahisi katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni marine bodi, ile yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayotumiwa kutengenezea fomu za zege. Ngozi hiyo ni laini, ngumu, na haishikwi na unyevu, sifa zilezile zinazohitajika hapa. Tatizo ni unene. Kila milimita ya sakafu huinua ubao, na kisu nacho kinapaswa kuinuliwa kiasi hichohicho; sakafu ya milimita 18 kwenye mashine yenye mhimili mfupi inaweza kumaliza urefu wote uliopo. Kwa sababu hiyo vitelezi vingi vya kiwandani hutengenezwa kwa bamba la alumini.

Ya pili ni kiongozi, kinachoifanya sakafu iende mstari mmoja. Meza nyingi za spindo zina mfereji uliochimbwa kwenye chuma, mara nyingi wenye upana wa karibu milimita 19. Kipande cha mkongo kilichorandwa kwa uangalifu, au flati ba ya chuma iliyosagwa ikatosha, hufungwa chini ya sakafu na kuteleza humo. Kisicheze kushoto na kulia, wala kisikwame. Meza isipokuwa na mfereji, kitelezi huongozwa na fensi yenyewe: ubao mnyoofu hufungwa mbele ya fensi kutoka mwanzo hadi mwisho, juu ya kisu, na ukingo wa kitelezi ukateleza kwa kuugusa. Njia hii ya pili ina faida ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kwa kuwa ubao ule unapita juu ya kisu, unageuka kuwa kinga, na kidole hakina mlango wa kuingilia.

Ya tatu ni egemeo, gongo la mbao ngumu lililosimama nyuma ya ubao unaokatwa, kwa pembe mraba na mwendo wa kitelezi. Ya nne ni kibao cha nyuma, kinachowekwa kati ya egemeo na ubao. Umuhimu wake unatokana na jinsi mashine inavyozunguka. Mhimili wa kawaida, ukitazamwa kutoka juu, huzunguka kinyume cha saa, na ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto ili ukutane na kisu uso kwa uso. Kisu basi hukata kikielekea kulia, na kinapotokea upande wa nyuma wa ubao nyuzi za kichwani hazina kitu cha kuziegemeza, hung'oka vipande. Kibao cha nyuma huzishikilia nyuzi hizo, na chenyewe ndicho huchakaa. Hubadilishwa bila majuto, kwa sababu ni kipande cha mabaki.

Ya tano ni vibanio. Vile vya kiwandani vya kubonyeza kwa mkono mmoja havipatikani katika kila duka la vifaa, ila boliti ya milimita 10 yenye nati ya masikio na kipande cha mbao cha kukandamiza hufanya kazi ileile, polepole kidogo. Ubao hubanwa pande mbili: chini, usiinuke kisu kinapoupiga, na nyuma, usiachane na egemeo. Kubana kwa mkono si kubana. Hapo ndipo karakana nyingi hukomea njiani: kitelezi kipo, kizuri, lakini kiganja cha fundi ndicho kibanio chake. Boliti mbili zingemaliza suala hilo. Mwisho huwekwa vishikio viwili mbali na kisu, na chini ya sakafu husuguliwa nta. Kwa mikoa hii nta si ya kutafutwa mbali. Bukombe ni nchi ya wafuga nyuki.

Pembe ya egemeo inastahili muda kuliko kitu kingine chochote katika kifaa hiki. Guniamraba la kawaida hupima urefu mdogo, na kosa dogo hulipita. Kanuni ya 3, 4 na 5 ambayo waashi huitumia kupigia msingi wa nyumba inafaa hata hapa: sentimita 30 kufuata egemeo, 40 kufuata mwendo wa kitelezi, na mshazari uwe 50 kamili. Tuseme egemeo limekosea milimita moja katika sentimita 30. Kwenye kichwa cha ubao wa sentimita 11 kosa hilo ni theluthi moja ya milimita tu, na macho hayalioni. Lakini uso uleule wa ubao lazima ulale chini kwa vichwa vyote viwili, kwa hiyo ubao hugeuzwa kwa kuzungushwa mezani, na ubavu wa pili ndio huegemea. Matokeo yake ni kwamba vichwa viwili hukatwa vikiwa sambamba vyenyewe kwa vyenyewe, vyote vimelala upande mmoja. Viungo vyote hufunga vizuri, hakuna ufa, fundi anaridhika. Mlango mzima, hata hivyo, umekaa mshazari. Katika urefu wa mita mbili kosa lile la milimita moja limekuwa karibu milimita saba, na anayeligundua ni yule anayepachika mlango kwenye fremu na kuona kitasa hakilingani na tundu lake. Lawama humwendea mwashi.

Mpangilio wa kazi nao una mantiki yake. Vichwa hukatwa kwanza, mbavu baadaye. Hata pakiwa na kibao cha nyuma, kipande kidogo kinaweza kumeguka kwenye kona. Ubavu utakapochongwa nakshi, kona hiyo itaondolewa pamoja na dosari yake. Anayeanza na ubavu anajinyima msamaha huo. Tena kibao chake cha nyuma hakitagusa vizuri ubavu uliokwisha kuchongwa, na itambidi akichonge kwa umbo la kinyume ili kijaze mfereji. Kwa milango midogo ya kabati, ambako mbao za mlalo ni nyembamba mno, mafundi wazuri hukata kichwa cha ubao mpana kwanza, kisha huupasua kupata mbao mbili au tatu zilizokwisha kukatwa. Kichwa kipana kinashikika, chembamba hakishikiki.

Kabla ya hayo yote huwekwa alama ya penseli kwenye uso wa mbele wa kila ubao, na uso huohuo ndio hulala kwenye meza katika kila hatua. Visu viwili vya seti hupimwa kutoka uso mmoja; ubao mmoja ukipinduliwa, kiungo kitapishana na msasa hautakiokoa. Na kabla ya kugusa mninga hujaribiwa mabaki ya msonobari yenye unene uleule, kisu kikapandishwa au kushushwa hadi nyuso mbili ziwe sawa kwa kidole.

Meza telezi hufanya kazi ileile kwa mwili mkubwa zaidi. Wazo la meza inayokwenda lilipata umaarufu kwenye misumeno: Wilhelm Altendorf wa Ujerumani aliunda msumeno wa meza telezi mwaka 1906, na mpangilio wake ndio uliosambaa katika viwanda vya samani duniani. Kwenye spindo faida kuu ni tatu. Ubao unalala usawa wa meza, kwa hiyo urefu wa mhimili haupotei. Egemeo lake ni refu na lina vikomo vya kupachika, mbao 20 zikatoka urefu mmoja bila kupimwa upya. Na uzito wake hutuliza mtetemo. Mashine kombi, zile zinazounganisha msumeno, randa na spindo katika mwili mmoja, mara nyingi huja na meza ya namna hiyo upande wa msumeno, na spindo hukaa palepale kando yake ili itumie meza hiyohiyo.

Kuna jambo moja ambalo kitelezi kidogo hakiliwezi na meza telezi inaliweza. Ulimi mfupi wa milimita 12 unatosha kwa kabati, na kwa mlango wa chumbani utavumilia. Mlango wa mbele wa mninga, unene wa milimita 44 na urefu wa mita mbili, ni mzito, na kila siku unavutwa na bawaba. Huo unataka ulimi mrefu wa sentimita tano au zaidi, wenye mabega yaliyokatwa kinyume cha nakshi. Ili ulimi huo upatikane kwa spindo, visu vipana huwekwa kwenye mhimili, na sehemu ya juu ya mhimili iwe tupu, bila nati inayochomoza, ili ulimi upite juu yake. Visu vya kipenyo hicho hukata kwa nguvu kubwa, na ubao unaopita mbele yake lazima uwe umefungwa kwenye kitu kizito kinachokwenda kwenye reli. Fundi asiye na meza telezi ana njia ya heshima: akate kichwa kwa kitelezi, kisha atoboe vichwa vyote viwili na kupachika vijiti vya mbao ngumu kwa gundi. Njia hiyo ni polepole, ila kiungo kinadumu.

Kuagiza meza telezi kama kifaa cha kuongezea ni gharama, lakini ukanda wa dhahabu una rasilimali ambayo mikoa mingi ya mbao haina: mafundi chuma. Karasha za kusagia mawe ya dhahabu huundwa na kukarabatiwa hukuhuku, na kazi hiyo imezaa karakana za kuchomelea na kukereza zinazojua mashafti, beringi na mapuli kuliko kawaida. Meza telezi si kitu kigeni kwa mikono hiyo. Umbo linaloundika kirahisi ni engo ya chuma iliyolazwa mgongo juu kama paa, na kigari chenye beringi zilizopangwa jozi jozi, moja kila mteremko wa paa. Beringi mojawapo ya kila jozi hufungwa kwa boliti yenye tundu refu ili isogezwe mpaka mchezo wote uishe.

Makosa mawili hujirudia katika vifaa vya aina hiyo. La kwanza ni kutumia magurudumu ya geti la kuteleza. Yanauzwa kila mahali na yanaonekana kufaa, lakini yameundwa ili yavumilie mchezo wa pembeni, na milimita moja ya mchezo kwenye geti si kitu ilhali kwenye kiungo cha mlango ni ufa. La pili ni kuichomelea reli kwenye fremu kwa mstari mrefu. Joto huipinda engo, na baada ya kupoa kigari hupanda na kushuka njiani. Reli ifungwe kwa boliti, na vipande vyembamba vya bati viwekwe chini yake hadi uzi ulionyooshwa kutoka mwisho hadi mwisho uiguse kote.

Kisu nacho kina kanuni zake ambazo hakuna kitelezi kinachozifuta. Kichwa cha visu chenye kipenyo cha milimita 125 kikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ncha yake huenda karibu mita 39 kwa sekunde, sawa na kilomita 141 kwa saa. Kikiwa na visu viwili, kila sekunde ubao hupigwa mara 200. Barani Ulaya visu vya kazi ya kusukuma kwa mkono hupigwa chapa ya MAN na hutengenezwa kwa kiwango cha EN 847-1, ambacho hudhibiti kiasi ambacho kisu kinachomoza nje ya mwili wake, kisizidi milimita 1.1, ili kila pigo lichukue kidogo. Kichwa cha mraba cha kizamani chenye visu vinavyochomoza sana hakina breki hiyo, na kikidaka kichwa cha ubao hukirusha kwa nguvu zote. Katika soko la mitumba mashine nyingi zimekuja na vichwa vya kizamani. Anayenunua mashine afadhali apunguze bei ya mashine na kununua kichwa kipya.

Umeme wa machimboni nao una tabia yake. Pale mota kubwa zinapotegemea transfoma moja na karakana, volti zinaweza kushuka mota hizo zikiwashwa. Nguvu ya mota ya kuzungusha hufuata mraba wa volti: 400 ikishuka hadi 320, ambao ni upungufu wa asilimia 20, nguvu inayobaki ni asilimia 64. Kisu huanza kulemewa, ubao ukawa mzito, na silika ya mtu ni kusukuma zaidi. Umeme ukirudi ghafla mkono uko na nguvu zote mbele. Kwenye kitelezi nguvu hiyo huishia kwenye vishikio. Bila kitelezi huishia kwenye kisu. Kuupitisha ubao mara mbili kwa kina kidogo badala ya mara moja kwa kina kirefu huwa na faida zaidi siku kama hizo, na glavu hazivaliwi kamwe kwenye spindo, kwa kuwa uzi mmoja ukidakwa mkono mzima hufuata.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri aweke kinga kwenye sehemu za mashine zinazozunguka, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa walioumia kazini. Lakini karakana ya fundi mmoja na vijana wake wawili, isiyo na mkataba wa ajira, mara nyingi husimama nje ya yote mawili, na kitelezi cha marine bodi ndicho bima iliyo karibu nayo. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha spindo; fundi wa mtaani hujifunza kwa kumtazama mwenzake, na mwenzake akiwa hajawahi kukitumia kitelezi, mwanafunzi hana pa kukionea.

Zipo kazi ambazo kitelezi hakizimudu moja kwa moja. Mlango wenye kichwa cha tao una ubao wa juu uliopinda upande wa chini. Vichwa vya ubao huo hukatwa ungali mraba, kabla tao halijachongwa, kwa sababu ukishapinda hauna ubavu mnyoofu wa kuegemea. Tao lenyewe huchongwa baadaye kwa beringi iliyowekwa kwenye mhimili pamoja na kiolezo cha plaiwudi. Mbao zinazokutana kwa pembe isiyo mraba, kama za mlango wa chini ya ngazi, hukatwa kwa kuweka kabari kati ya egemeo na ubao, na kabari mbili huhitajika, ya kushoto na ya kulia, zikiwa na pembe sawa kwa pande tofauti. Zikipasuliwa kutoka ubao mmoja kwa mkato mmoja, pembe zake hulingana bila kupimwa.